Sura ya Sita: Mtungi wa Wazee

"Nionyeshe mikono," alisema Corrie Wiersma.

Inez Carranza alimtazama kama anayemtilia shaka akili zake. Alikuwa mahabusu tangu Alhamisi, usingizi umemkimbia na hasira imemkaa kooni.

"Alama za vidole mmechukua. Picha mmepiga. Sasa mnataka kunisomea kiganja?"

"Geuza, dada. Nina haraka."

Inez akageuza. Viganja vilikuwa safi. Nyuma ya mikono ngozi ilikuwa nzima, na katikati ya vidole hapakuwa na hata kipele. Wiersma aliikagua mpaka mwenye mikono akaanza kuona haya, kisha akaiachia, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi na kuketi. Chumba cha mahojiano hakikuwa na dirisha, na kiyoyozi cha kituo kilikuwa kimeharibika wiki hiyohiyo ambayo pwani yote ya Ziwa Michigan ilikuwa inatokota kwa joto. Tangu Alhamisi mpelelezi huyu hakuweza kutulia mahali pamoja. Kila akiketi alihisi kuna mtu anamcheka nyuma ya mgongo.

"Nieleze tena ulivyotengeneza kile kinywaji."

"Tena? Haya." Inez alihesabu kwa vidole kana kwamba anamfundisha mtoto mzito. "Mitungi miwili ya kioo, ile yenye bomba chini. Asubuhi nikachemsha sukari na majani ya mnanaa, nikaacha ipoe. Nikakamua machungwa na mabalungi, nikagawa nusu kwa nusu. Mtungi wa watu wa kawaida nikautia ndimu na jin, juu nikatandaza vipande vya ndimu. Mtungi wa wazee wa kanisa nikautia limau peke yake, na vipande vya limau juu. Kijani kina pombe, njano hakina. Mama mwenye nyumba mwenyewe alinieleza, kwamba ndivyo wanavyofanya kila mwaka. Barafu, halafu maji ya gesi mwisho kabisa, unayamimina taratibu ubavuni mwa mtungi. Ukiyamwaga kwa pupa gesi yote inakimbia, unabaki na juisi ya hospitali."

"Kila mwaka. Na wewe ulishawahi kufanya kazi kwa hao Dykhouse?"

"Mara ya kwanza na ya mwisho, wallahi. Mwaka jana alikuwa dada mwingine."

"Ndimu ulikamulia wapi?"

"Jikoni. Kwa kikamulio changu cha chuma. Nikaipeleka mitungi nje mezani, nikarudi ndani kuvunja barafu. Sijui, robo saa hivi."

Hapo ndipo kesi yote ilipolala, katika hiyo robo saa, na hakuna aliyetaka kuiamsha. Alhamisi, siku ya sikukuu ya Uhuru, kwenye bustani ya Marv Dykhouse kando ya ziwa, mzee Gerrit Hoekstra alikunywa glasi mbili kutoka kwenye mtungi wa njano. Uso ukamwiva, pumzi zikamkata, akaanguka katikati ya viti na hakuinuka tena. Alikuwa amehamia kutoka Iowa majira ya kuchipua, mtu mpole, asiyejulikana sana. Daktari alikuta pombe kwenye damu yake, na pamoja nayo vidonge vya walioacha ulevi, vile ambavyo anayevimeza akigusa pombe, mwili unamgeuka. Kwa kijana ni kutapika na kulia. Kwa mzee mwenye moyo mbovu ni kifo. Mjini hakuna aliyejua kuwa Hoekstra aliwahi kuwa mlevi, isipokuwa mkewe.

Mtungi wa njano ulikuwa umebaki kidogo tu chini. Maabara ilikuta jin ndani yake. Mwendesha mashtaka hakupoteza muda: binti kachanganya mitungi, mtu kafa, Jumatatu asubuhi anafikishwa mahakamani kwa kuua kwa uzembe. Lakini maabara ilikuta na kitu kingine, maji ya ndimu, mengi, chini ya vile vipande vya limau. Na Wiersma mwenyewe alikuwa ameokota maganda ya ndimu chini ya turubai la mashua ya Dykhouse, yamepasuliwa na kukamuliwa kwa vidole. Kikamulio cha Inez kinayageuza maganda ndani nje. Mwendesha mashtaka aliyatazama yale maganda kwenye mfuko wa plastiki akamuuliza kama sasa wanafungua kesi za takataka.

"Kuna jambo jingine," alisema Inez, sauti imeshuka. "Pengine halina maana. Mliponiingiza kwenye gari, watu wote walikuwa wamesimama pale wakitazama kama sinema. Mzee mmoja, mwenye nyumba, akaja akanitia pipi mkononi. Mkono una pingu, yeye ananipa pipi. 'Pole, binti.' Ni yeye peke yake aliyesema neno."

"Pipi gani?"

"Ya mnanaa, nyeupe. Iko kwenye mfuko wa vitu vyangu hapo kaunta. Ile meza yao yote walikuwa wanazimumunya mchana kutwa. Nikajiuliza, watu gani hawa, wanakula pipi na kinywaji mkononi?"

Wiersma, aliyekuwa akijikuna shingo, aliacha.

"Kabla Hoekstra hajaanguka?"

"Kabla, ndiyo. Tangu glasi ya kwanza. Tena wa njano ndio uliokuwa unakwisha haraka, nikasema kumbe hawa wazee wana kiu."

Wiersma alitazama saa. Ibada ilikuwa inaanza saa nne.

Alikuwa amekulia katika kanisa lile, benchi la tatu kushoto, akaliacha siku alipoona amechoka kuulizwa ataolewa lini. Pipi za mnanaa alizijua kama anavyojua jina lake. Mchungaji akifungua mahubiri, mama anafungua mkoba, karatasi zinachakarishwa benchi zima, na kila mtu anapata yake ili asilale. Ni za kanisani. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona mzee wa kanisa akizila bustanini penye soseji na viazi. Anayezila bustanini anaficha harufu ya pumzi yake, na wazee wale wote, alipowahoji Ijumaa mmoja mmoja, walimwapia kwamba kinywaji chao kilikuwa na ladha ya limau na basi.

Kanisani kulikuwa na joto la tanuri. Feni za darini zilizunguka bila kuleta upepo, na watu walijipepea kwa karatasi za matangazo. Wiersma aliketi nyuma kabisa. Trudy Hoekstra, mjane, alikuwa benchi la mbele peke yake, mgongo umenyooka. Aliyekuwa hatulii ni mpelelezi, mpaka jirani yake akasogea kidogo.

Kabla ya mahubiri, kama ilivyo desturi, mzee wa zamu anainuka mbele ya watu wote na kumpa mchungaji mkono. Ni njia ya wazee kusema: mimbari hii tumekukabidhi sisi. Wiersma alikuja kanisani kwa ajili ya mkono huo. Alikuwa akijiuliza zamu ni ya nani, na alipomwona anayeinuka akainama mbele.

Alikuwa Harv Zylman, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye kifundo.

Zylman na marehemu walikuwa wamegombana hadharani mwezi mmoja tu uliopita, juu ya magitaa kanisani. Zylman aliyataka, Hoekstra akasema ameyakimbia Iowa na hayatamkuta Michigan. Mchungaji aliutazama ule mkono uliofungwa, akasita, akazishika ncha za vidole. Wiersma alitaka kusimama palepale. Alijizuia kwa kushika ukingo wa benchi, na katika kujizuia macho yakamtangatanga. Akamwona Marv Dykhouse, mabenchi matatu mbele, amevaa koti katika joto lile, mikono mifukoni. Mkewe alifungua pipi, akamtia mumewe mdomoni kama anayelisha mtoto. Wiersma aliliona hilo, akaliacha lipite. Akili yake yote ilikuwa kwenye bandeji.

Ibada ilipokwisha, watu waliposhuka ukumbini kunywa kahawa, alimnasa Zylman mlangoni na kumwingiza katika chumba cha wazee, chumba kidogo chenye meza ndefu na dirisha la kioo linalotazama ukumbi.

"Wewe ni Wiersma yupi?" Zylman aliuliza hata kabla ya kuketi. "Wale wauza maziwa au wale mafundi bomba?"

"Wa maziwa. Mzee Harv, fungua hiyo bandeji."

"Wa maziwa! Mama yako si ndiye yule De Groot, aliyekuwa na sauti ya..."

"Bandeji, mzee."

Zylman alinung'unika, akaifungua. Kiganjani palikuwa na mistari minne myeusi, imenyooka sambamba. Hata soseji ingeona wivu.

"Wavu wa jiko la mkaa," alisema. "Alhamisi, wakati Gerrit anaanguka. Nilikuwa nageuza nyama, niliposikia kelele nikaushika wavu mzimamzima. Muulize mke wangu, bado ananicheka. Unafikiri mimi nilimuua mtu kwa sababu ya gitaa?"

Wiersma aliitazama ile mistari na kuhisi siku nzima inamponyoka. Haikuwa aina ya alama aliyoitaka. Alizunguka meza, akafika dirishani, akarudi.

"Sasa kwa nini mtu mwenye kidonda kama hicho anapangiwa zamu ya kushikana mikono?"

"Haikuwa zamu yangu. Marv aliniomba tubadilishane. Jana usiku kanipigia, eti hajisikii vizuri."

Wiersma alisimama tuli, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Ile pipi iliyofunguliwa na mke. Mikono iliyoshinda mifukoni.

"Usitoke," alimwambia Zylman, akafungua mlango na kuita ukumbini kwa sauti ya kawaida, "Mzee Marv! Nakuomba dakika moja."

Marv Dykhouse aliingia akitabasamu. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye uso wa babu anayependwa na wajukuu, na ni kweli walimpenda.

"Corrie. Karibu tena kanisani. Mama yako angefurahi."

"Asante. Tupeane mikono basi."

Alimnyooshea wake. Ukabaki hewani. Marv alitazama mlango, akamtazama Zylman, kisha taratibu akautoa mkono wa kulia mfukoni. Zylman alishtuka kwa sauti.

Mgongo wa mkono ulikuwa mwekundu, umevimba, na malengelenge makubwa yalikuwa yamekaa kati ya kidole gumba na cha shahada. Kutoka hapo michirizi ya kahawia iliteremka mpaka kwenye kifundo, kama kitu kilichotiririka na kukauka.

"Ni upupu," alisema Marv upesi. "Majani ya sumu. Nilikuwa nafyeka nyuma ya banda la mashua."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Siku ambayo nyumba yako nzima ilikuwa na polisi, wewe ulikuwa unafyeka?" Wiersma alivuta kiti lakini hakukalia. "Dada yangu alikwenda likizo Mexico, akashinda ufukweni anawakamulia wenzake ndimu. Siku ile hakusikia kitu. Kesho yake ikaanza kuwasha, keshokutwa mikono yake ilikuwa hivihivi. Maji ya ndimu yakikukaukia mkononi ukiwa juani, jua linakuunguza. Upupu hauteremki kwa michirizi, mzee. Juisi ndiyo inayoteremka. Yule binti Inez alikamua ndimu kuliko wote, lakini alikamua jikoni kwa kikamulio, na mikono yake nimeiona asubuhi hii. Haina kitu."

"Nilikamua ndimu. Ni kosa? Nilitia kwenye maji yangu ya kunywa."

"Nyuma ya mashua? Umejificha na ndimu?"

"Corrie, nisikilize." Marv alishusha sauti, na sauti yenyewe ikawa ya ukarimu. "Yule binti ni kijana. Ni bahati mbaya, mahakama italiona hilo. Watampa adhabu ndogo. Hata wakili, mimi nitamtafutia, kimyakimya. Lakini kanisa likichafuka halisafishiki."

Damu ilimchemka Wiersma mpaka masikioni. Alijua pia kwamba malengelenge peke yake hayatoshi. Wakili yeyote angesimama na kusema mzee alikuwa na kiu. Akamgeukia Zylman, aliyekuwa amejibanza pembeni akijitia hamnazo, na shavu lake limetuna.

"Unamumunya nini, mzee Harv?"

"Pipi."

"Alhamisi pia ulikuwa unamumunya. Nyote. Niambie kwa nini."

Zylman aliihamishia pipi shavu la pili.

"Basi nisikilize vizuri, maana sitarudia. Inez amefanya kazi kwenye ile bustani mara moja tu maishani mwake. Kama mtungi wa njano ulikuwa na jin mwaka huu tu, yeye ndiye aliyekosea, na kesho anashtakiwa. Kama ulikuwa na jin mwaka jana pia, na mwaka juzi, basi si yeye. Ni wewe unayejua. Uliniapia Ijumaa kwamba ni limau na basi. Niapie tena sasa, nikiwa nakutazama."

"Harv," alisema Marv.

Zylman alitazama kioo. Ng'ambo, mkewe alikuwa akicheka na mtu, kikombe mkononi. Trudy Hoekstra alisimama karibu na mlango, akipokea pole za watu, mkono baada ya mkono. Nusu ya waliokuwa wakimpa pole walikaa kwenye meza ile ya bustanini. Zylman aliitoa pipi mdomoni, akaitazama, akakosa pa kuiweka.

"Ilikuwa na jin," alisema. "Kila mwaka. Tangu Marv ajenge ile nyumba. Hakuna anayeliongelea. Unafungua bomba la njano, unasema loo, limau nzuri mwaka huu, unakwenda zako. Pipi zinapita. Sote tunajua."

"Sote nani?"

"Wazee wote, Corrie. Na wake zetu baadhi. Mke wangu hajui." Macho yalikuwa yamemlowa. "Mwaka huu ilikuwa kali. Nilifikiri, Marv kazidisha."

Marv alijitupa kitini.

"Wa kijani hatuwezi kuugusa, wewe unajua," alisema, si kwa Wiersma hasa. "Vijana wote wanatazama. Glasi moja ya sikukuu, nani inamdhuru? Nikawa naleta chupa kutoka bandani, msichana akiwa ndani. Ndimu inaua harufu. Hakuna aliyewahi hata kuumwa kichwa." Alisugua mkono, akaguna kwa maumivu, akaacha. "Gerrit alisimama pale mezani hajui achukue wapi. Mgeni. Akaniuliza, 'Marv, huu wa njano ndio wetu?' Alikuwa makini kabisa. Nikamwambia ndio wetu. Nikachukua glasi yake nikamjazia mwenyewe. Ya pili pia, nikamjazia mimi."

"Alikuuliza kwa sababu asingeweza kuonja mwenyewe ili kujua," alisema Wiersma.

"Sikujua! Laiti angesema! Mtu anameza vidonge vya walevi na hamwambii hata mzee mwenzake?"

"Angemwambia nani, Marv?" alisema Zylman. "Sisi?"

Wiersma aliandika yale maneno yalivyo, akawasomea, wakatia saini, Marv kwa mkono wa kushoto. Kisha akamwambia koti anaweza kulivua, maana kule waendako ni joto zaidi. Walipopita ukumbini mazungumzo yalikatika meza moja baada ya nyingine. Marv alisimama mbele ya Trudy Hoekstra akafungua kinywa, lakini mjane aliitazama mikono yake, akageuka na kwenda kuchukua mkoba wake.

Mwendesha mashtaka alipatikana kwa simu uwanja wa gofu, akalalamika, akauliza maswali mawili, akakubali.

Saa nane mchana Inez Carranza alisimama kaunta akiwa na nguo zake mwenyewe. Askari alimmwagia mfuko wa vitu vyake juu ya meza: funguo, mkanda, kikamulio cha chuma, kibanio cha nywele, na pipi moja nyeupe iliyoanza kunata kwa joto.

"Kwa hiyo walijua," alisema. "Ile meza nzima."

"Walijua."

"Na nilipotiwa pingu, walikuwa wamesimama palepale."

"Ndiyo," alisema Wiersma. Alitaka kuongeza neno, pole au kitu kama hicho, lakini kila neno lililomjia aliliona limeshatumika.

Inez alitia funguo mfukoni, akavaa mkanda, akafunga nywele, akachukua kikamulio. Akaisogeza ile pipi kwa ncha ya kidole mpaka ikafika upande wa Wiersma.

"Yuko hapa ndani?"

"Chumba ulichotoka wewe."

"Basi mpelekee," alisema Inez. "Atakuwa anaihitaji."

Akatoka juani.